Madoa Aliyoyaficha Chiriku

Kila asubuhi, kabla mama hajawafungulia wateja mlango wa saluni, mtu wa kwanza kukaa kwenye kiti alikuwa binti yake. Mama alikuwa msusi, na asingekubali hata siku moja mtoto wake aende shule na nywele timtim, watu wakauliza huyu ni msusi wa namna gani. Basi msichana aliketi, taulo mabegani na kipande cha mkate mkononi, na mama akapitisha kitana huku akimsikiliza. Kumsikiliza kulikuwa lazima, kwani msichana huyu wa miaka kumi na miwili alikuwa na mdomo usio na breki. Angeanza habari za paka wa jirani, akapitia kwa mwalimu wa hesabu, akarudi kwa paka, na mkate bado haujaisha. Ndiyo maana nyumbani, mtaani na shuleni walimwita Chiriku.

Nyuma ya saluni kulikuwa na ua mdogo, na humo baba alifanya kazi yake ya kuchomelea mageti na madirisha ya chuma.

"Huyo Chiriku ameshaanza?" baba alipaza sauti kutoka uani.

"Hajaanza, baba Chiriku," mama akajibu. "Hajanyamaza tangu jana."

Wote watatu wakacheka. Mama akainamisha kichwa cha mtoto ili agawe nywele za kisogoni, na hapohapo kitana kikasimama.

"Nani amekupiga?"

"Mimi? Hakuna aliyenipiga, mama."

"Usinifiche. Hii nini?"

Chini ya shingo, kuelekea begani, palikuwa na alama ya zambarau pana kama kiganja. Mama akavuta mikono ya shati, akapandisha sketi hadi mapajani. Kulikuwa na alama nyingine pajani, na nyingine kwenye kiwiko. Kwenye miguu, kuanzia magotini hadi kwenye vifundo, kulikuwa na vidoa vyekundu vidogovidogo, kana kwamba mtu amemchoma kwa ncha ya pini mara nyingi.

Baba aliingia, miwani yake ya kuchomelea ikiwa imepandishwa kwenye paji la uso. Akachungulia. "Kunguni hao," akasema, lakini sauti yake haikuwa na mzaha. Jioni ile Chiriku alipopiga mswaki, povu lilitoka jekundu. Kesho yake, akiwa darasani, pua ilianza kuvuja damu na ikakataa kuacha. Ililoanisha leso, shati la shule, na taulo ambalo mama alikuja nalo mbio. Muuguzi wa zahanati aliminya pua ile hadi vidole vyake vikafa ganzi, kisha akawageukia wazazi. "Nendeni hospitali kubwa. Leo. Msingoje kesho."

Hospitalini walimtoa damu, wakamtoa tena. Wakamchoma sindano nene kwenye mfupa wa nyonga ili wachunguze mahali damu inapotengenezwa. Mama alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akikunja na kukunjua kona ya shuka, wala hakuthubutu kutaja kwa sauti ugonjwa aliokuwa akiuogopa. Baba alisimama dirishani. Mtu aliyezoea kushika chuma cha moto bila kutetemeka alikuwa hajui mikono yake aiweke wapi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi. Alivuta kiti akakaa karibu na Chiriku, usawa wa macho yake.

"Kwanza, si saratani," akasema. Mama akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Sasa sikilizeni. Ndani ya damu kuna chembe ndogo sana, tunaziita chembe sahani. Ukijikata, ndizo zinazokimbilia pale kuziba. Mwili pia una walinzi wake wa kupambana na vijidudu. Walinzi wa binti huyu wamekosea. Wanazidhania chembe sahani kuwa maadui, wanazimaliza. Zilizobaki ni chache mno. Ndiyo maana akigongwa kidogo tu, damu inavuja chini ya ngozi."

"Nimekosa nini?" Chiriku akauliza kwa sauti ndogo.

"Hujakosa kitu, mwanangu. Wala huwezi kumwambukiza mtu."

Baba akageuka kutoka dirishani. "Sasa daktari, utaisha lini?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Watoto wengi wenye ugonjwa huu hupona baada ya miezi kadhaa. Wachache hukaa nao miaka. Nikimtazama mtoto leo, siwezi kusema atakuwa wa kundi lipi. Tutampa vidonge, tutampima mara kwa mara, tutakwenda naye hatua kwa hatua."

"Mteja akija kwangu akiniuliza geti litakuwa tayari lini, namwambia Ijumaa," baba alisema, na mishipa ya shingo ikamsimama. "Nikimwambia sijui, ataondoka aende kwa fundi mwingine!"

"Ningependa kukwambia Ijumaa," daktari akajibu taratibu. "Lakini ningekuwa nakudanganya."

Kisha akawapa masharti. Chiriku asiruke kamba, asipande juu ya vitu, asicheze michezo ya kusukumana. Asimeze dawa yoyote ya maumivu bila kuuliza. Vidonge visiachwe ghafla hata kama anaonekana mzima. "Na hili ndilo kubwa," daktari akamalizia, akimtazama Chiriku. "Ukiona doa jipya, ukiona damu mahali popote, au kichwa kikikuuma sana, unasema papo hapo. Hakuna kipimo kinachonifikia haraka kuliko mdomo wako."

"Basi hapo hatuna shida," mama akajaribu kutabasamu.

Nyumbani, kiti cha saluni kiligeuka kuwa kiti cha ukaguzi. Kila asubuhi mama aliwasha taa, akamvua mtoto shati, akamgeuza huku na huku akitafuta madoa. Akiona jipya, alikwenda nyuma ya pazia, na Chiriku akasikia maji ya bomba yakifunguliwa ili kilio kisisikike. Kisha mama alirudi na macho mekundu akawafungulia wateja mlango.

Vidonge navyo vilikuwa na vituko vyake. Vilimpa Chiriku njaa ya kufagia sufuria, na vikamvimbisha mashavu hadi watoto wa darasani wakaanza kumwita Puto. Wenzake waliporuka kamba wakati wa mapumziko, yeye alikaa kwenye ngazi za darasa akiwahesabia mizunguko. Rafiki yake mkubwa, msichana mrefu kuliko wote aliyeitwa Twiga, aliacha kuruka akaja kukaa naye. Chiriku alimwambia aende zake akacheze. Hakutaka kuonewa huruma.

Lakini lililomkata maini hasa lilikuwa ni ugomvi wa wazazi. Hawakuwa watu wa kugombana. Sasa waligombana jikoni kwa sauti za kunong'ona, ambazo ni mbaya zaidi, kwa sababu mtoto hutega sikio.

"Tena leo wamesema hawajui," baba alikuwa akisema baada ya safari nyingine ya hospitali. "Chembe zimepanda kidogo, zimeshuka tena, hawajui. Mpaka lini?"

"Unaniuliza mimi?" sauti ya mama ilikatika. "Mimi kila asubuhi ninamvua mtoto nguo kama ninafunua maiti. Sina nguvu tena, baba Chiriku. Siku nitakayoona doa lingine, naona nitaanguka."

Chiriku alisimama nyuma ya mlango, akajikumbatia. Maneno yale yalimwingia kama msumari. Kwa hiyo ni madoa yanayomuua mama, akafikiri. Madoa yasipoonekana, mama atapona.

Wiki ile baba alirudi kutoka kununua vyuma akiwa na chupa tatu za maji ya kahawia. Alizinunua kwa mchuuzi mmoja aliyekuwa akitangaza kwa kipaza sauti karibu na soko. "Huyu hakusema sijui," baba akaeleza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu macho yake yalikuwa na uhai. "Nilimweleza yote. Akanishika bega akaniambia, fundi, chupa tatu tu, damu inakuwa mpya kama ya mtoto mchanga. Neno lake hilo."

"Na vidonge?" mama akauliza.

"Tutaendelea navyo kwanza. Tuone."

Dawa ile ilikuwa chungu kama nyongo. Chiriku aliinywa huku ameziba pua, na kuanzia siku ile akaanza mchezo wake. Aliamka kabla ya mama, akavaa soksi ndefu na sweta, akajisuka mwenyewe misuko miwili ya haraka. Mama alipomwita kwenye kiti, alisema, "Nimeshajitazama, mama. Hakuna kitu. Ukague tu mikono." Mikono ilikuwa na bahati, madoa mengi yalikuwa miguuni na mgongoni. Mama, ambaye aliogopa kutazama, alikubali upesi mno.

"Hakuna?" baba akauliza kutoka uani.

"Hakuna, baba!"

"Hata moja?"

"Hata moja!"

Baba alipiga kofi kwenye paja. Siku ya pili hakuna, ya tatu hakuna. Ilipoisha chupa ya kwanza, alichukua paketi ya vidonge akaipandisha juu ya kabati. "Hivi vinamvimbisha mtoto bure," akasema. "Dawa imeshajulikana." Siku ya miadi ya hospitali ilipofika hawakwenda. Baba alipita shuleni kumwambia mwalimu wa darasa kuwa mtoto amepona. Jioni alipika mwenyewe, jambo lililokuwa nadra, na mama akacheka hadi akafuta machozi kwa upande wa kanga. Chiriku alipowaona wamekaa pamoja hivyo, aliumeza ukweli uliokuwa umemfika kooni. Angeanzaje kuwaharibia?

Usiku alijifunika gubigubi ili asijione miguu. Madoa yalikuwa yameungana sasa. Ndani ya mashavu kulitokea malengelenge meusi yenye damu. Alikuwa akiamka na ladha ya chuma mdomoni, anageuza mto ili upande wenye damu uwe chini, anateremka kwenda kusukutua.

Twiga ndiye aliyemkamata, bombani shuleni, akitema maji mekundu.

"Chiriku! Si ulisema umepona?"

"Nyamaza! Ufizi tu huo."

"Ufizi gani? Mwambie mama yako."

"Ukisema, urafiki wetu basi. Niapie." Alimshika Twiga mkono kwa nguvu. "Niapie! Mama yangu ataanguka. Unataka aanguke?"

Twiga aliapa, lakini hakula chakula cha mchana siku ile.

Siku mbili baadaye kilikuwa kipindi cha kusoma kwa sauti. Mwalimu wa darasa alipenda kumchagua Chiriku, maana alisoma kama mtangazaji wa redio. "Simama utusomee," akasema. Chiriku akasimama, kitabu mkononi. Alikuwa amejisikia kizunguzungu tangu asubuhi. Alipotaka kufungua kinywa akahisi lengelenge limepasuka, na kinywa kikajaa kitu cha moto. Akafunga midomo.

"Tunakusubiri."

Chiriku alimeza. Kikajaa tena. Akatikisa kichwa.

"Leo Chiriku amekuwa bubu?" mwalimu akauliza, na darasa zima likaangua kicheko. "Au kwa kuwa umepona sasa unaringa? Soma!"

Machozi yalimtiririka. Alimeza tena, na ukuta wa darasa ukaanza kuzunguka. Kwenye dawati la nyuma kiti kiliburuzwa kwa kishindo. Twiga alikuwa amesimama, mrefu kama mlingoti, akilia.

"Mwalimu, anatoka damu! Anatoka damu mdomoni, hajapona, anadanganya!"

Kicheko kilikatika. Chiriku alimgeukia rafiki yake kwa hasira, akafungua kinywa ili amwambie neno baya, na damu ikamwagika juu ya kitabu, juu ya dawati, juu ya soksi zake ndefu nyeupe. Kisha akaanguka.

Alipozinduka alikuwa hospitalini, mpira wa dripu umebandikwa mkononi. Kulikuwa bado mchana. Alisikia sauti ya daktari yule wa miwani, na safari hii haikuwa ya taratibu.

"Vidonge aliacha lini?"

Mama alimtazama baba.

"Ninauliza ili nijue nifanye nini. Aliacha lini?"

"Niliviondoa mimi," baba alisema. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye chini ya kisima. "Alikuwa amepona. Madoa yote yalikwisha. Kuna dawa nilinunua... ilimponya, daktari. Kila asubuhi nilimuuliza, hata doa moja hakuna. Sasa sielewi. Sielewi kabisa."

Chiriku alifumba macho. Aliona angeweza kuendelea kulala. Angeweza kuwaacha wasielewe. Lakini alisikia pumzi za baba zikikwaruza, na akajua kuwa chupa mbili zilizobaki bado ziko nyumbani, juu ya meza.

"Hayakwisha, baba."

Wote wakageuka.

"Madoa hayakwisha. Niliyaficha. Dawa yako haikuponya kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nadanganya."

Mgongo wa baba ukateleza ukutani, taratibu, hadi akakaa chini sakafuni, mtu mzima na mabuti yake ya kazi, akafunika uso kwa viganja.

"Kwa nini?" mama akanong'ona. "Kwa nini, mama yangu?"

"Kwa sababu kila ukiyaona unalia. Ulisema ukiona lingine utaanguka."

Daktari alikuwa ameshageukia kazi yake: dawa ya nguvu kwenye mshipa, pamba kinywani, damu ya kuongezewa iliyokuwa njiani kutoka benki ya damu. Hakuahidi chochote. Mama alimwuliza, "Atapona?" naye akasema, "Tunafanya kila tunachoweza, na damu imepungua kutoka. Zaidi ya hapo sijui bado." Kisha akamshika mama mkono, akabaki amemshika hivyo hadi mfuko wa damu ulipotundikwa.

Zilikuwa siku mbaya. Kuna asubuhi ambayo kinywa kilivuja tena na mama akadhani ndio mwisho. Kuna mchana ambao baba alitoka nje ya wodi akapiga teke ndoo ya takataka, akarudi kuomba radhi kwa mfagizi. Mwalimu wa darasa alikuja, akasimama miguuni pa kitanda akishindwa kuanza, mwishowe akasema, "Nisamehe, mwanangu. Ningekuuliza vizuri." Nyuma yake alikuwa Twiga, ameinamisha kichwa.

"Nilivunja kiapo," Twiga akasema.

Chiriku alimtazama. Hasira ilikuwa haipo tena, aliitafuta akaikosa. "Ungekishika," akasema kwa taabu, "ungekuja kwenye mazishi yangu." Twiga akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na muuguzi akamtoa nje kwa ajili ya kelele.

Taratibu damu iliacha kutoka. Malengelenge yakakauka. Siku moja alasiri, mama alipanda akakaa kitandani, akamwegemeza mtoto kifuani kwake kama alivyokuwa mdogo. Baba alivuta kiti.

"Nataka unisikilize," mama akasema. "Mimi nitalia. Nikiona doa nitalia, nisikudanganye. Lakini machozi yangu hayaniui. Nililia siku ulipozaliwa, nililia ulipoanza shule. Mama kulia si kazi ngumu. Kitakachoniangusha ni kuwa na mtoto anayeumwa peke yake ndani ya nyumba yangu, mimi nipo nje namchekea. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nina kosa," baba akaongeza. Alikuwa anatazama mikono yake. "Nilitaka mtu aniambie Ijumaa. Akatokea wa kuniambia, nikamfuata kama kipofu. Nilikuwa nakuuliza kwa namna ambayo usingeweza kunijibu vingine. Chupa zile nimezimwaga."

Walipotoka hospitalini walikubaliana utaratibu mpya. Chiriku mwenyewe ndiye angejikagua, akiwa na mama, na angetaja kila anachokiona, kizuri na kibaya. Mama akitaka kulia, alie palepale, bila pazia wala bomba. Wakimaliza, habari ya madoa imefungwa hadi kesho, isipokuwa damu ikitoka. Vidonge vinamezwa mezani mbele ya wote, na hospitali wanakwenda watatu. Haikuwa rahisi. Kulikuwa na majuma ambayo chembe zilipanda, na juma moja zikaporomoka bila sababu yoyote. Siku hiyo walirudi nyumbani kimya, wakala kimya, wakalala mapema. Asubuhi wakaanza upya.

Miezi ilipita. Siku moja daktari alisoma majibu, akayasoma tena, akavua miwani. Chembe zilikuwa zimekaa mahali pazuri kwa mara ya tatu mfululizo. Angeanza kupunguza vidonge, kidogokidogo. Chiriku aliruhusiwa kurudi kwenye kamba, ila asianguke makusudi, daktari akasema.

Jioni ile simu ya baba iliita akiwa uani, Chiriku akimshikia tepu ya kupimia. Alikuwa shangazi, dada yake baba, na sauti yake ilisikika bila hata spika. "Nimesikia habari njema! Kwa hiyo mtoto amepona kabisa, ndiyo imekwisha?"

Baba alihamishia simu sikio la pili. "Hatujui, dada," akasema. "Huenda imekwisha, huenda ikarudi. Leo ni mzima, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia."

Alipokata simu alikuta Chiriku anamtazama.

"Baba, huogopi kusema hujui?"

"Naogopa sana." Alifuta mikono kwenye suruali, akachutama usawa wake. "Lakini nimejifunza kitu, mwanangu, na nataka wewe ukijue ukiwa bado mdogo. Si kutojua kesho kulikotaka kukuua. Kilichotaka kukuua ni uongo, wangu na wako. Mtu akikwambia sijui, halafu akabaki amekushika mkono, huyo kaa naye. Na ukiumwa, sema. Hata kama tutalia, sema."

"Nitasema, baba."

"Haya. Shika tepu vizuri, umeilegeza."

Chiriku akaivuta hadi ikanyooka, na baba akainama kuweka alama ya chaki kwenye chuma.